Injini Iliyopakwa Mafuta ya Alizeti

Mimi ni fundi cherehani, na soko zima la Ikungi linajua kwamba nina hasira za karibu. Mteja akiniletea cherehani yake ya nyumbani ikiwa imeganda kwa mafuta ya kula, namsema mpaka anatamani angeitupa jalalani. Mafuta ya kula hayapakwi kwenye mashine. Yakikaa yananata, yakinata yanakuwa gundi. Nimeyasema haya miaka kumi na tano, kwa sauti, mbele za watu. Naanza na hilo ili ujue mapema kwamba Mungu naye ana utani wake.

Baba alikuwa na pikapu. Aliinunua kwa alizeti za misimu mitatu, na kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Ikungi, ndiyo ilikuwa gari la harusi, la wagonjwa na la magunia. Hakuna mtu aliyewahi kushika usukani wake isipokuwa yeye. Kaka zangu walipomwomba wajifunzie, aliwaambia wakajifunzie kwenye trekta za watu. Mimi sikuwahi hata kuomba.

Siku niliyoacha kushonea kwenye baraza za watu sokoni nikafungua duka langu mwenyewe, baba ndiye aliyenibebea cherehani tatu, meza ya kukatia na majora ya vitambaa. Mshale wa joto wa ile pikapu ulikuwa umekufa zamani, na rejeta ilikuwa inavuja bila sisi kujua. Katikati ya njia injini ikaanza kunuka. Baba akataka kusimama. Nikamwambia watu wananisubiri saa nne, twende tu, si tumebakiza kidogo. Tukafika, vitu vikashushwa, watu wakanipongeza. Pikapu haikuwaka tena. Ilirudi kijijini ikivutwa na maksai wanne, baba akiwa ameshika usukani kama kawaida, na mimi nilibaki dukani nikipima watu viuno na kujifanya sikuona.

Ilikaa chini ya banda la mabati miaka saba. Kuku wakageuza kiti kuwa mahali pa kutagia. Halafu mwaka juzi akaja mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka mjini Singida, akaizunguka, akaigonga gonga, akataja bei. Baba akakubali. Akamwambia, msimu ujao, alizeti zikishaingia ndani, njoo ulichukue. Baba yangu akishatoa neno harudi nyuma, hata kama neno lenyewe linamuuma.

Nilisikia habari hiyo kwa mama, nikaenda kijijini siku hiyo hiyo. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nilimuuliza, likiwaka kabla ya alizeti kuingia ndani, je?

Aliupima mpini kwa jicho, akaukwangua tena. Mwishowe akasema, "Likiwaka halitakuwa chuma chakavu."

Hayo tu. Lakini mimi nilitoka pale nikiwa na kazi.

Nyuma ya duka langu kuna gereji, na fundi wake ni mzee mwenye ovaroli moja ambayo nimeishona viraka mpaka kiraka kimeshonewa kiraka. Nilimwambia kuanzia sasa viraka ni bure, ila aniruhusu nisimame nione anavyofanya kazi. Alicheka. Akanipa pistoni iliyopasuka, akasema nikaishonee suruali. Nikaichukua. Niliiweka juu ya meza yangu ya kukatia na nikawa naigeuza geuza kila ninapokunywa chai. Wateja waliniuliza kama nimeacha ushonaji. Sikuacha. Ilikuwa starehe yangu tu, kama wengine wanavyopenda mpira, ila mpira hauna mnunuzi wa vyuma anayeusubiri.

Nilijifunza kwa njia ninayoijua, yaani kwa karatasi. Nilichukua karatasi ya kaki ninayokatia vielelezo vya magauni, nikachora injini kwa chaki kufuata video za kwenye simu. Halafu nikakata boksi gumu: hii pistoni, hili konrodi, mkono unaoishika, hili gurudumu la krenki inayozungushwa, na vipande viwili vya valvu juu, vile vilango vya hewa na moshi. Nikaviunganisha kwa pini juu ya ubao. Ukizungusha gurudumu kwa kidole, pistoni inapanda na kushuka, na mimi nasogeza valvu kwa mkono mwingine. Inashuka, inavuta hewa na petroli. Inapanda, inabana. Moto unapiga, inashuka kwa nguvu. Inapanda tena, inatoa moshi. Nilikaa na kile kidubwasha jioni nzima nikifurahi peke yangu. Kumbe ni kama cherehani: sindano na bobini lazima zikutane kwa wakati wake, zikipishana kidogo tu unashona hewa.

Nilimwonyesha yule mzee wa gereji. Safari hii hakucheka. Alikizungusha mara kadhaa, akanionyesha kwamba pistoni inafika juu mara mbili, lakini moto unahitajika mara moja tu. Wengi wanakosea hapo, alisema.

"Pistoni ikiwa juu, usiiamini. Ziulize valvu."

Niliitikia, kama mtu anavyoitikia jambo analodhani ameshalielewa.

Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa napanda baiskeli kwenda kwa baba kufumua injini. Kila kitu nilichokitoa nilikifunga kipande cha kitambaa chenye uzi wa rangi yake: silinda ya kwanza nyekundu, ya pili bluu, ya tatu kijani, ya nne nyeupe. Baba alikaa kwenye kigoda akinitazama na kufukuza kuku. Hakuuliza kitu, lakini kila nilipofika nilikuta banda limefagiliwa.

Bloku, yaani kiwiliwili cha injini, nililipeleka mjini Singida juu ya lori la vitunguu, likachongwa upya silinda zake, na krenki ikasuguliwa. Sare za shule ndizo zilizonunua pistoni na ringi mpya na kulipia rejeta izibwe. Ringi ni vile vyuma vyembamba, mfano wa bangili, vinavyoizunguka pistoni ili nguvu ya moto isivuje. Zisipocheza kwenye mifereji yake huna injini, una mzigo. Kwa haraka zangu nilizivalisha pistoni ringi zote kabla hata sijafika wakati wa kufunga, ili nijione nimesogea.

Mvua zilipoanza, dada yangu wa Itigi akafanyiwa upasuaji. Nilibeba cherehani moja nikaenda kumuuguza, nikidhani ni wiki tatu. Nilikaa tangu kabla ya Krismasi mpaka baada ya Pasaka. Kabla ya kuondoka nilimwachia baba chupa moja ya oili ya injini na maelekezo ya harakaharaka: vyuma vipya hivi vina njaa ya kutu, akiona unyevunyevu avipake. Sikumwonyesha kiasi, na sikumwambia chupa ikiisha afanyeje. Nilikuwa nawahi basi.

Niliporudi, sikupita hata dukani. Nilifika kwa baba, nikamsalimia, akaitikia "Marahaba, mama," kwa sababu nimerithi jina la mama yake na ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mchanga. Nikaenda moja kwa moja bandani. Bloku lilikuwa safi, linang'aa. Krenki hivyohivyo. Kisha nikafungua sanduku.

Pistoni zilikuwa na ngozi ya njano. Nilipoishika ya kwanza iling'ang'ania vidole vyangu. Vumbi lilikuwa limenasa, manyoya ya kuku yamenasa, na sisimizi mmoja alikuwa amefia pale pale. Nilijaribu kusukuma ringi kwa ukucha. Haikusogea. Nikajaribu ya pili, ya tatu, zote zimeshikwa kwenye mifereji yake kwa gundi. Nikanusa vidole. Sikuhitaji kunusa mara mbili, kwa sababu harufu ile nimekulia ndani yake.

Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na jirani yetu mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kusifiwa. Hilo nimelikumbuka baadaye. Wakati ule sikuona kitu.

"Baba, umeniulia injini," nilisema. "Mara ya kwanza uliiulia barabarani, sasa umeiulia ndani ya sanduku."

Nilisema kwa sauti ile ya sokoni, na maneno mengine ambayo siyaandiki. Jirani aliangalia chini. Baba alichukua fimbo yake akaenda shambani kufukuza ndege kwenye alizeti, ingawa jua lilikuwa limeshainama na ndege walikuwa wamekwenda zao.

Mama ndiye aliyenijia. Mama akikasirika huacha Kiswahili, na siku ile alinisema kwa Kinyaturu kitupu, polepole, akihakikisha kila neno linafika. Kwamba chupa yangu iliishia kwenye bloku na krenki. Kwamba vile vingine vilianza wekundu, na baba hakulala vizuri. Kwamba barabara ya Ikungi ilikuwa imekatika kwa mvua, na hata angefika asingejua anunue oili ipi. Basi akachukua mafuta ya kwanza kukamuliwa, yale anayoyaweka kwa ajili ya wageni, ambayo yeye mke wake hapewi hata ya kukaangia mayai. Kila Jumamosi alikaa kwenye kigoda chake akapaka kimoja kimoja, akirudisha kila kitambaa na uzi wake.

Niliangalia. Vitambaa vyote vilikuwa mahali pake: nyekundu, bluu, kijani, nyeupe. Nililia pale bandani kwa aibu. Miaka kumi na tano nimepigia watu kelele sokoni juu ya mafuta ya kula, na mtu pekee ambaye sikuwahi kumwambia ni baba yangu. Tena yeye ndiye aliyetaka kusimama siku ile injini ilipoanza kunuka.

Asubuhi nilimpigia magoti nikamwomba radhi. Akasema yameisha. Ni mtu mzima, aliyasema kwa upole. Lakini niliposema shikamoo alijibu "Marahaba," akaishia hapo. Kesho yake hivyohivyo. Wiki nzima neno "mama" halikurudi.

Alizeti zilikuwa zimeshaanza kuinamisha vichwa. Nilihesabu nikaona nina majuma sita, labda saba, kabla ya lori la vyuma kuja. Nilimwaga mafuta ya taa kwenye beseni nikaloweka kila kitu. Ile gundi ililainika juu tu, ndani ya mifereji ikabaki palepale. Siku ya tatu nilikuwa nimeinama nakwangua kwa kijiti, nikasikia ndoo inawekwa nyuma yangu. Ilikuwa na maji ya moto ya majivu, yanafuka mvuke. Baba alisema, akiangalia ndoo, kwamba pale kinu cha kukamulia wanaoshea hayo mashine zao kila mwisho wa msimu, na mafuta ya mwaka mzima yanabanduka.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mwenye ugonjwa ndiye mwenye dawa. Tulitumbukiza konrodi, valvu na vifuniko vya chuma, na ngozi ya njano ikatoka kama ganda la yai la kuchemsha. Alipochukua pistoni nilimzuia mkono, kwa upole ambao wateja wangu hawaujui. Nilimwambia pistoni ni alumini ileile ya sufuria, na majivu yatazila. Akafikiri. Akasema ni kweli, mama yangu humfokea kila mtu anayeosha sufuria zake kwa magadi.

Basi akachukua pistoni zote nne yeye mwenyewe, na beseni la mafuta ya taa, akachonga vijiti vya mti laini, akakaa kwenye kigoda. Alifanya kazi ile siku tisa. Mkono wa mkulima una subira ambayo wangu haina. Ringi ya kwanza ilipoachia na kuzunguka, aliniita nije nione, akaizungusha kwa kidole, akairudisha, akaizungusha tena. Aliuliza kwa nini ziko tatu. Nikamletea ule ubao wangu wa boksi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamfundisha baba kitu. Alivuta pistoni ya boksi juu na chini akisema kimoyomoyo: inavuta, inabana, inapiga, inatoa. Kisha akauliza kama mafuta yake yangeweza kuungua mle ndani badala ya petroli. Nilimwambia kwenye injini ya dizeli watu wamejaribu. Aliridhika sana na jibu hilo.

Nilipoanza kufunga, uani walikuwa wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo na mbegu zinaruka mpaka bandani, hivyo nililifunika bloku kwa khanga. Gasketi ndogo, zile za kuziba kati ya chuma na chuma, nilizikata kwa mkasi wangu wa vitambaa kwenye karatasi maalumu, na yule mzee wa gereji alipokuja kukagua alikiri hajaona zilizokatwa vizuri vile. Bolti za kichwa cha injini nilizikaza kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kama unavyobana pini za kiuno cha sketi ili kitambaa kisikunjamane. Wanaume sita na magogo matatu yaliyofungwa mnyororo juu wakatusaidia kuishusha injini mahali pake. Magunia ya mwisho yaliingia ndani siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi lori la vyuma chakavu lilisimama mbele ya nyumba.

Mnunuzi alikuwa mtu wa heshima. Alisalimia vizuri, akasema amekuja kwa neno la mzee. Baba akamwambia akae kwanza anywe chai. Kisha akafukuza kuku kwenye kiti, akakaa nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo.

Injini ilizunguka vizuri, nzito, yenye mbano. Haikuwaka. Akajaribu tena. Ikapiga mlipuko kupitia kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, moshi ukanijaa usoni, kuku wakatawanyika mpaka kwa jirani. Vijana wa lori wakacheka. Mara ya tatu, mlipuko mwingine. Betri tuliyoazima gereji ikaanza kuchoka. Nilihisi ile hasira inatoka miguuni, spana iko mkononi, na mdomo umeshafunguka. Nikamtazama baba kupitia kioo. Alikuwa ameinamisha kichwa na kukunja mabega kidogo, akisubiri kusemwa.

Hasira iliniishia yote pale pale. Niliweka spana chini. Nilienda ndani nikauchukua ule ubao wa boksi, nikakaa nao mavumbini mbele ya wote, nikazungusha gurudumu. Pistoni inafika juu mara mbili. Mimi, siku ya kupanga moto, niliiona ya kwanza iko juu, nikafurahi, nikaiamini. Sikuziuliza valvu.

Nilifungua kifuniko cha juu, nikageuza injini kwa mkono mpaka alama ilipokaa kama siku ile. Nikaiona valvu ya moshi ya silinda ya kwanza inamalizia kufunga. Pistoni ilikuwa juu ya kutoa, siyo juu ya kubana. Plagi zote zilikuwa zinapiga moto zamu isiyo yake. Nilichomoa distribyuta, kile kikombe kinachogawa moto kwenye plagi, nikakigeuza nusu mzunguko, nikakirudisha. Ilichukua muda usiotosha chai kupoa.

"Jaribu tena, baba," nilisema.

Ilikohoa mara moja, ikashika. Kwanza ilitoa moshi, kisha ikatulia, ikawa inaunguruma sawasawa, na mabati ya banda yakaanza kutetemeka juu yetu. Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ameangalia mbele, kana kwamba yuko barabarani.

Mnunuzi alimalizia chai yake. Akasema yeye hununua vyuma vilivyokufa tu, akampa baba mkono, akanunua majogoo wawili kwa mama ili lori lisirudi tupu.

Walipoondoka, baba hakuzima injini. Alisogea taratibu mpaka kiti cha pili, akakipigapiga kile cha dereva kwa kiganja.

"Panda, mama," alisema. "Endesha."

Nilisimama pale na mikono yangu myeusi. Nilikuwa nimeshika kila bolti ya gari lile, najua kila ringi na uzi wake.

"Baba, mimi sijui kuendesha."

Alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. Akasema kumbe na yeye bado ana kitu cha kunifundisha. Nikapanda. Akanionyesha klachi, akanionyesha gia ya kwanza. Nikaachia mguu kwa pupa, kama ninavyofanya kila kitu, pikapu ikaruka hatua mbili, ikazima. Nilimgeukia nikiwa na moyo mkononi.

"Washa tena," alisema. "Si linawaka?"